Wanafunzi wa urubani waelewe, wasikariri



Natoa maoni yangu juu ya vijana wetu wanaojifunza urubani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wala sina leseni ya kurusha ndege. Lakini kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano sasa yumo katika mafunzo hayo, na alipokuja likizo aliniazima vitabu vyake. Nimevisoma. Pamoja navyo kulikuwa na kijitabu cha maswali ya mitihani iliyopita, na hicho ndicho kilichochakaa kuliko vyote.

Wapo wasemao kwamba nadharia ya kuruka ni ya kufaulia mtihani tu, na kwamba urubani wenyewe ni mikono na saa za angani. Mimi siafikiani nao.

Tuchukue bawa. Bawa huinua ndege kwa kuwa husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Rubani akiinua pua ya ndege, pembe kati ya bawa na upepo unaolikabili huongezeka, na nguvu ya kuinua huongezeka vile vile. Lakini pembe hiyo ina mpaka. Ukivukwa, hewa huachana na mgongo wa bawa, na nguvu ya kuinua hupungua ghafla hata kama injini inanguruma. Dawa yake ni kushusha pua, jambo ambalo mtu anayejiona anaanguka hulikataa moyoni.

Tarehe 1 Juni, 2009, ndege ya Air France aina ya Airbus A330 ilikuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Barafu iliziba kwa muda mabomba madogo yanayopima kasi, na mtambo wa kujiendesha ukaacha kazi. Rubani aliyeshika usukani akainua pua. Injini zilikuwa nzima. Onyo la hatari lililia mfululizo kwa sekunde 54, lakini pua ikazidi kuinuliwa, mpaka ndege ikaanguka katika Bahari ya Atlantiki na watu wote 228 wakafa. Wachunguzi wa Ufaransa, katika taarifa yao ya mwaka 2012, walieleza kwamba marubani hawakutambua kuwa bawa limeishiwa nguvu, na kwamba hawakuwa wamezoezwa kuiendesha ndege kwa mikono katika kimo kikubwa namna ile. Hawakuwa wajinga. Somo la pembe ya bawa kila rubani hulifanyia mtihani.

Tusidhani kwamba hayo ni ya ndege kubwa za ng'ambo peke yake. Kiwanja chetu cha Nduli, hapa Iringa, kiko zaidi ya futi 4,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya vitabu vya marubani, joto la kawaida katika kimo hicho ni karibu nyuzi 6 za Selsiasi. Mchana wa jua joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi mno, na ndege huruka kana kwamba iko kwenye kimo cha futi 7,000 na zaidi. Bawa hupata hewa haba na injini ndogo hukosa pumzi. Ndege iliyoruka Dar es Salaam kwa mbio fupi, hapa itahitaji mbio ndefu zaidi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba joto hupunguza uwezo wa ndege atapata alama yake. Aliyeelewa atapunguza mzigo, au atangoja ubaridi wa asubuhi.

Huko Marekani mtihani wa maandishi wa leseni ya rubani binafsi una maswali 60 ya kuchagua jibu, na asilimia 70 yatosha kufaulu. Lakini hawaishii hapo. Mwanafunzi hufundishwa tena yale aliyoyakosa, na kabla ya kuruka naye mtahini humketisha na kumuuliza kwa mdomo.

Maoni yangu ni kwamba vyuo vyetu vilipe suala hili la mdomo uzito mkubwa, tena si siku ya mtihani tu. Kila wiki mwanafunzi asimame ubaoni awaeleze wenzake kwa nini, si nini tu. Na aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili. Kiingereza cha redioni lazima kibaki, maana marubani wa mataifa yote husikilizana kwacho. Lakini mtu akiweza kulieleza jambo kwa lugha anayoiwazia, hapo ndipo tunajua limemwingia.

Nasi walimu wa shule za msingi tusijitoe. Mtoto anayerusha tiara anajua kwamba uzi ukifungwa mahali pasipofaa, tiara huukabili upepo vibaya na kuanguka. Tumuulize kwa nini, tena tumpe muda wa kufikiri kabla ya kumwandikia jibu ubaoni. Tukimzoesha kukariri tangu darasa la tatu, tusishangae akifika chuoni na kukichakaza kijitabu cha maswali huku vitabu vyenyewe vikibaki vipya.

Nawaomba wahusika walifikirie jambo hili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iringa Vijijini.