Mnaofunga mafundo kwenye mistari, leo ni zamu yenu

Jamani, nimepotea wiki mbili, najua. Majaribio yalinibana, halafu likaja na hili jambo ambalo ndo limenirudisha hapa. Leo sina habari za foleni ya kantini wala za mwalimu aliyetusubirisha ukumbini mpaka saa sita. Leo nimekasirika, na sababu ya hasira yenyewe iko hapa kitandani kwangu, imefungwa kwenye kanga.

Ni blanketi la mtoto. Jeupe na bluu, safu mbili nyeupe, safu mbili bluu, hivyo hivyo mpaka juu. Kwa mbali zuri kweli, utafikiri shati la baharia. Aliliagiza yule mama anayetuuzia chakula nje ya geti, ambaye nusu yenu mmekula kwake kwa mkopo bumu likichelewa, msijifanye hamumjui. Alikuwa anapata mjukuu wa kwanza. Alinipa 45,000, zote, mkononi, kabla sijashika hata uzi. Hakupunguza hata mia.

Mimi nikawa na kazi nyingi, nikamgawia jirani wa chumba cha pili nusu ya juu. Hapo ndo kosa langu, nalikubali. Juzi nikaenda kula, nikamwambia "shikamoo mama", akaitikia vizuri tu, kisha akaingia ndani akatoka na blanketi. Limefuliwa mara tatu. Nusu ya chini iko vile vile. Nusu ya juu, pembeni, kuna matundu ya kuingiza kidole, na nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikukukatalia bei." Basi. Hakusema lingine. Akanipakulia wali, na wali ule sikuumaliza.

Nikarudi hosteli nikamuuliza jirani. Eti anacheka. Eti "sasa we shoga, mteja anaangalia nyuma?" Alikuwa kila anapobadilisha rangi anakata uzi, anaufunga fundo na ule mpya, anabakiza kama sentimita moja, anaendelea. Kumaliza haraka! Na akaniambia kitu ambacho nimekisikia kwa watu wengi hapa, wanaume kwa wanawake wanaofuma: kroshia haifumuki, kwa hiyo fundo linatosha.

Tuanze na hilo, manake lina nusu ya ukweli na nusu ya ukweli ndo inayoponza watu. Ni kweli kroshia haikimbii kama sweta la sindano mbili, ambalo kitanzi kimoja kikiachia kinashuka na wenzake mpaka chini. Kwenye kroshia kila mshono umejifunga, na safu ya juu imeshika vichwa vya safu ya chini. Lakini pale unapobadilisha rangi ndipo penye ncha mbili, na hizo ncha ndizo pekee zinazozuia mshono wa mwisho usilegee. Uzi mwingi tunaoununua Kariakoo ni akriliki, unateleza. Kitambaa cha kroshia kinavutika huku na huku. Ukilifua, ukalikamua, ukalianika, fundo lenye mkia wa sentimita moja linajivuta kidogo, kesho kidogo tena, siku ya tatu limefunguka. Hapo mshono wa pembeni unalegea, na wa pili yake. Blanketi zima halitafumuka, sawa. Litakuwa na tundu tu. Kwani mama yule alilipia blanketi lenye tundu?

Na hata lile fundo lisilofunguka ni tatizo. Ni gumu. Leo umelisukuma nyuma, kesho limetokeza mbele, punje ya bluu katikati ya weupe. Na kwa mtoto mchanga uzi unaoning'inia si suala la urembo kabisa. Madaktari wa watoto wanalijua hili vizuri: unywele au uzi unajizungusha kwenye kidole cha mtoto, unakaza, damu haipiti, kidole kinavimba. Mtoto mwenyewe hawezi kusema, analia tu, na watu wanadhani ni tumbo. Mjukuu wa mama hajapatwa na hilo, alhamdulillah. Lakini nilipoona zile ndevu za mbuzi ndo wazo la kwanza lililonijia, na tangu hapo usingizi wangu si mzuri.

Sasa mtu ataniuliza, wewe unafanyaje? Ngoja niseme, maana wengi wanaofunga mafundo hawakufundishwa, na huyo simlaumu. Simsamehi yule anayejua na anafanya.

Rangi haibadilishwi baada ya mshono wa mwisho kuisha. Inabadilishwa ndani ya mshono wa mwisho. Kile kitanzi kilichobaki kwenye sindano ukimaliza mshono, si cha mshono ule, ni kichwa cha mshono unaofuata. Kwa hiyo ukimaliza safu ya bluu kwa uzi wa bluu mpaka mwisho, kisha ukaanza nyeupe, tayari umepeleka bluu kwenye safu nyeupe. Ndo ile mistari inayoonekana kama imeng'atwa na panya pembeni. Fuma mshono wa mwisho mpaka vibaki vitanzi viwili kwenye sindano. Simama. Achia bluu. Chukua nyeupe, ipitishe kwenye vile vitanzi viwili, ndo inafunga mshono. Kitanzi kilichopo kwenye sindano sasa ni cheupe. Geuza kazi, panda mnyororo wako, endelea. Mstari unatoka umenyooka kama umepigwa rula. Hakuna fundo popote hapo. Vuta ncha zote mbili taratibu ili mshono ukae, zibakize ndefu, sentimita 15 hivi, na usizikate.

Baadaye unazificha. Sindano kubwa butu, uzi mweupe unapita ndani ya weupe, bluu ndani ya bluu, unaupeleka upande mmoja kama vidole vinne, kisha unaurudisha kwa njia nyingine, ukichoma katikati ya nyuzi zenyewe na si kupita juu juu. Ule mgeuko ndo unaoshika. Kitambaa kivute kila upande, kisha ndo ukate kilichobaki. Wengine wanalaza ncha juu ya safu wanafuma juu yake, inakubalika kwa pamba, lakini kwa akriliki mimi siiamini peke yake. Ikipitishwa upande mmoja tu inachomoka.

Najua mnachosema hapo. "Muda uko wapi?" Haya, tupige hesabu, si tuko chuo? Blanketi la mama lina safu 80, mistari ya safu mbili mbili, kwa hiyo mistari 40. Ukikata uzi kila mstari unapata vipande 40, kila kipande ncha mbili, ncha 80. Dakika mbili kila ncha, ni dakika 160, karibu saa tatu za kuficha tu. Nakubali, inachosha, inaumiza shingo, na ndo maana jirani yangu alikimbilia mafundo.

Lakini nani kamwambia akate?! Mistari ya safu mbili ina siri nzuri kuliko zote: ukienda safu moja na kurudi, unaishia pembeni ile ile ulikoanzia. Uzi wa bluu ulioachia uko pale pale unakusubiri. Unauokota, unaupandisha pembeni, unaendelea. Blanketi zima lina vipande viwili tu vya uzi, ncha nne. Ncha nne dhidi ya themanini! Dakika nane dhidi ya saa tatu! Cha kuangalia ni usiukaze ule unaopanda, maana pembeni patajikunja kama jani kavu. Na baadaye unafuma pindo la kuzunguka, nyuzi zinazopanda zinafichika zote. Nusu yangu ya chini niliifuma hivyo. Mwenzangu alikata kila mstari, halafu akadai hana muda wa kuficha ncha. Yaani alijitengenezea kazi mwenyewe, kisha akaikimbia, kisha akamwachia bibi wa watu hasara.

(Kwa wanaopenda safu moja moja: ukitumia rangi mbili uzi utakuwa upande wa pili kila unapouhitaji, utakasirika. Tumia rangi tatu. Ya kwanza inaishia kushoto, ya pili kulia, ya tatu kushoto, na ya kwanza iko kushoto inakungoja. Nilipoligundua hili nilikuwa kwenye kipindi cha takwimu na nilielewa kroshia kuliko takwimu.)

Kofia ni habari nyingine, kule kufuma kwa mzunguko mistari inajenga kangazi pale rangi zinapokutana, nitaeleza siku nyingine. Leo nagomba.

Hoja yao ya mwisho ni bei, na hapa nitasema nao kwa heshima kidogo, maana bei zinaumiza. Watu wanataka kofia ya mistari mitano kwa bei ya kofia ya rangi moja. Wanataka mkoba kwa 8,000 wakati uzi peke yake umekula 6,000. Na wanaopunguza ni sisi sisi wenye simu za laki nane. Mtu anakwambia "si ni uzi tu". Ndugu yangu, mpaka leo hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia halisi. Zile nguo za dukani zinazofanana nayo ni ufumaji mwingine wa mashine unaoigiza. Kila kipande cha kroshia ulichowahi kushika kimepita mshono kwa mshono kwenye vidole vya mtu. Wakati wa njaa kubwa ya Ireland iliyoanza 1845, wanawake na wasichana walifundishwa kufuma lesi ya kroshia, masista wakiwa kati ya waliowafundisha, wakaiuza, familia zikapata chakula. Watu waliila kazi hii. Na sisi wengine tunalipia fotokopi na nauli kwa kazi hii hii.

Kwa hiyo bei ndogo ni tatizo la kweli. Ila fundo si dawa yake. Bei ikiwa ndogo, mwambie mteja kwa bei hiyo napata rangi moja. Au mistari mipana mitatu, mara mbili tu za kubadilisha. Au mwambie hapana. Ukikubali bei ndogo halafu ukailipizia kwenye mgongo wa kitambaa, mahali asipopaona, umemuuzia kitu kingine na kile alichoagiza hujampa. Na yule mama je? Alilipa zote! Hoja ya bei kwake inaingilia wapi? Ukishazoea kufunga fundo kwa mchoyo, unamfungia na mkarimu. Mkono haujui nani kalipa ngapi.

Nami niseme langu. Mwaka wa kwanza nilifunga mafundo. Mengi tu. Kofia za muhula ule wa kwanza, kama mnazo bado, zigeuzeni, mkiona fundo nileteeni nirekebishe bure, sina la kujitetea. Niliacha pale shangazi alipoigeuza kazi yangu, akaingiza ukucha chini ya fundo, akalifungua mbele yangu kwa sekunde mbili, akanirudishia bila neno. Shangazi huyo hajasoma chuo chochote.

Kwa wanaonunua, nanyi msikae kimya. Ukipewa kitu cha mistari, kigeuze. Uone mgongo kabla ya uso. Pitisha kidole pembeni, ukikuta vipele vigumu uliza. Kivute kwa mapana. Anayefuma vizuri hataudhika, atafurahi umegeuza, maana kule nyuma ndo kalala usiku.

Na mimi kuanzia sasa bei yangu ya mistari nahesabu kwa idadi ya kubadilisha rangi, nitaibandika mlangoni. Anayeona ghali achukue rangi moja, nzuri pia, sitamnunia. Na kazi sigawi tena kwa mtu ambaye sijaona mgongo wa kazi yake, hata kama tunakopeshana sukari. Jirani, najua unasoma hapa. Umenuna tangu juzi, unapita koridoni kama hunioni. Sijakutaja jina na sitakutaja. Lakini nusu yako ya 45,000 unayo, na blanketi ninalo mimi.

Nimeshafumua nusu yote ya juu. Uzi umejikunja kunja kama mi-tambi, nimeulowanisha nimeuanika kwenye kamba ya dirishani na vitu vizito chini unyooke. Weupe umechakaa kidogo pale palipokuwa na mafundo, nimekata vipande vile, kwa hiyo uzi hautoshi. Kesho naenda Kariakoo na lebo ya zamani mkononi nitafute namba ile ile ya mkupuo wa rangi, maana bluu mbili zinazofanana dukani, zikilala pamoja kwenye kitambaa zinagombana. Nisipoipata, nitamwambia mama ukweli kwamba mistari ya juu itakuwa bluu tofauti, achague mwenyewe.

Ijumaa ndo nimemuahidi. Mwenye sindano ya namba nne ya akiba aniazime, yangu niliiachia mshikaji wa ghorofa ya chini na ameenda kwao.