Amana ya Watu Yataka Mlinzi Asiyelala

Wanachama wenzetu, sisi tulio madukani twaijua mizani. Mwenye duka, hata awe mwaminifu vipi, mizani yake hukaguliwa na mtu mwingine, wala haachiwi kuipima na kuipitisha kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hili halitutii haya, kwani mnunuzi aliyekuja na fedha yake ana haki ya kujua kwamba kilo ni kilo. Basi yatustaajabisha kuona muuza sukari akikaguliwa, na muuza fedha, yaani mwenye benki, akilalamika kuwa sheria inambana, husikilizwa akalegezewa.

Hatusemi haya kwa kudhania. Na tuyatazame mambo ya Marekani, nchi ambayo dola yake imeenea katika biashara ya dunia nzima.

Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, maelfu ya benki zilikufa katika nchi ile, na watu walioweka akiba ya umri wao wakaambiwa fedha hamna. Machi 1933 Rais Roosevelt alizifunga benki zote kwa siku kadhaa, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyojulikana kwa majina ya Glass na Steagall. Sheria hiyo ilijenga ukuta baina ya benki ipokeayo akiba za watu na biashara ya hisa. Tena ikaweka bima ya akiba, ili mnyonge asipoteze chake kwa kosa la tajiri.

Ukuta ule ulisimama miaka 66, lakini wenye benki waliutoboa tundu baada ya tundu. Mwaka 1998 Citicorp na Travelers ziliungana, hali sheria ilikuwa haijaruhusu muungano wa namna ile kudumu. Mwaka 1999 sheria ikabadilishwa. Badala ya biashara kuifuata sheria, sheria ndiyo iliyoifuata biashara.

Septemba 2008 ikaanguka Lehman Brothers, na mwezi uliofuata bunge la Marekani likaidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Wako wasemao kwamba kuvunjwa kwa ukuta siko kulikoleta msiba ule, na kwamba Lehman haikuwa benki ya akiba za watu. Hatubishani nao. Sisi twatazama yaliyofuata.

Mwaka 2010 ilitungwa sheria ya Dodd na Frank, iliyotaka kila benki yenye mali ya dola bilioni 50 au zaidi isimamiwe kwa ukali. Mwaka 2015 mkuu wa Silicon Valley Bank aliiandikia Seneti akitaka kiwango hicho kipandishwe. Mwaka 2018 kikapandishwa hadi bilioni 250, kwa kura za wabunge wa vyama vyote viwili. Benki hiyo ilikuwa imetia fedha za wateja katika hati za muda mrefu, na riba ilipopanda thamani ya hati zile ikashuka. Tarehe 9 Machi 2023 wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ikafungwa. Mwezi uliofuata Benki Kuu ya nchi ile yenyewe ilikiri kwamba masharti yalikuwa yamelegezwa mno, na kwamba wakaguzi wake hawakuchukua hatua kwa haraka.

Aliyeomba asikaguliwe ndiye aliyeanguka.

Basi ni kwa nini mambo haya hurudi? Kwa sababu hofu ya wengi hudumu mwaka mmoja au miwili, na tamaa ya wachache huamka kila asubuhi. Mwenye akiba ndogo ana kazi yake na watoto wake. Hana wakili wa kukaa mlangoni pa bunge. Mwenye benki anaye.

Tutaambiwa kwamba kanuni nyingi huwaelemea wadogo. Ni kweli, nasi wenye maduka madogo twaijua adha ya makaratasi. Lakini benki ya mabilioni si kibanda cha sokoni, na haifai ijifiche nyuma ya kibanda ili ipite bila kukaguliwa.

Kwa hiyo twawausia wanachama: msiseme mambo ya benki ni ya wataalamu. Fedha iliyomo ni yenu, na amana ni amana. Siku utakapoletwa mswada wa kulegeza sheria ya fedha, ulizeni mambo matatu. Nani ameuomba? Nani atapata faida mambo yakiwa mazuri? Na nani atalipa yakiharibika? Ikiwa waombaji na wapataji ni watu wale wale, na walipaji ni wengine, basi mswada huo mmekwisha kuujua, hata kabla ya kusoma ukurasa wake wa pili.