Mwanafunzi hapotelei ng'ambo, hupotelea nyumbani

Ifikapo mwezi wa Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vikijiandaa kufungua milango, si ajabu kuona hema limesimamishwa katika boma fulani huku Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kijana wa boma hilo amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, na jamaa na majirani wamekuja kuchanga. Huyu atoa pesa za kahawa, yule za vitunguu, naye baba mtu ameshauza ng'ombe, pengine na kipande cha shamba. Mwishoni mzee mmoja husimama, akamwombea msafiri na kumpa wosia: nenda ukasome, lakini usitusahau.

Wosia huo ni mwema. Hata hivyo, una kasoro moja ambayo aghalabu hatuizungumzii. Mtu hawezi kukumbuka jambo ambalo hakufunzwa. Je, huyu tunayemsihi asisahau, tulimpa nini cha kukumbuka?

Ni desturi yetu kuzilaumu nchi za kigeni kila mwana wetu anaporejea akiwa na ulimi mzito na jina lililokatwa nusu. Twasema Uzungu umemmeza. Maoni yangu ni tofauti. Wengi wa hao hawakupotelea London wala Chicago. Walikwisha kupotea hapa Cheptais, Kitale na Bungoma, madarasani na majumbani mwetu, miaka mingi kabla ya kupewa pasipoti. Ugeni ulidhihirisha tu upungufu uliokuwapo.

Tuanze na ng'ambo iliyo karibu kabisa. Mwanafunzi anayevuka mpaka pale Lwakhakha kwenda kusoma Mbale, labda katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa huko mwaka 1988, kisheria ni mwanafunzi wa kigeni. Lakini akiwa Mbukusu atawasalimu Wagisu kwa lugha ya nyanya yake na kuitikiwa. Akiwa Msabaoti, ataelewana na Wasebei wa Kapchorwa bila mkalimani. Wakati huo huo binamu yake, aliyelelewa tangu utotoni katika shule ya bweni ya humu humu nchini, hurudi likizoni akashindwa kuzungumza na nyanya huyo huyo. Kati ya hao wawili, ni yupi aliyekwenda ugenini?

Waama, mtoto wa Cheptais huanza maisha akiwa tajiri. Nyumbani husikia Kisabaoti, sokoni Kibukusu, na kote Kiswahili. Kisha huenda shuleni, na huko utajiri huo ukageuzwa aibu. Wasomaji wa makamo watakikumbuka kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliisimulia adhabu hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986. Mkosaji alicharazwa viboko au akavishwa kibao chenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Ilikuwa adhabu ya enzi za ukoloni, lakini mkoloni alipoondoka, kibao kilibaki na sisi.

Si kwamba hatukuonywa. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya mazingira yao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza serikali kuziendeleza lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi nao umezitengea nafasi katika gredi tatu za kwanza. Sheria na sera si haba. Kinachopungua ni nia. Si siri kwamba kipindi cha lugha ya mama ndicho cha kwanza kuazimwa mtihani unapokaribia, na wazazi wengi huona fahari mtoto wao anapomjibu babu kwa Kiingereza.

Linganisha na malezi ya Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kwa mpango alioupigania Tom Mboya. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi 1966. Aliporejea aliamua kutumia jina lake la kuzaliwa, Wangari Muta, badala ya majina ya Kizungu aliyojulikana kwayo chuoni. Lakini jambo kubwa zaidi lilitangulia safari. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, akimwambia kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye elimu ya baiolojia ilimwonyesha jinsi mizizi ya miti kama hiyo inavyoshika udongo na kulinda chemchemi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Elimu ya Marekani haikufuta neno la mama yake, bali ilipata mahali pa kushika mizizi. Kama mama huyo angenyamaza, ingemshikia wapi?

Okot p'Bitek wa Uganda naye aliwasili Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya soka ya taifa lake, akabaki kusoma Bristol, Aberystwyth na Oxford. Mwaka 1966 alitoa Song of Lawino, ambamo mke wa Kiacholi anamsuta mumewe Ocol, msomi anayezibeza mila zao. Aliyemuumba Ocol hakuwa Ocol, maana mama yake alikuwa mtunzi wa nyimbo, na mwana alisafiri akiwa ameshazisikia.

Watakuwapo wa kunijibu kwamba shinikizo la ugenini si mchezo. Nakubali. Baridi ni kali, upweke ni mkali zaidi, na kuna wahadhiri wasioweza kulitamka jina lako. Mwanafunzi akibadili lafudhi ili aeleweke, huo si usaliti, wala kuvaa koti zito si kukana kwao. Lakini tazama nguvu ya jambo dogo kama jina. Binti aitwaye Cherop akiulizwa maana ya jina lake na kujibu kwamba alizaliwa mvua ikinyesha, hapo hapo mazungumzo yameanza na pengine urafiki. Asiyejua maana hiyo hulifupisha, kwa kuwa kwake ni mzigo wa herufi tu.

Wengine watasema kwamba fahari ya asili ni moto wa kuchezea, na hasa hapa kwetu. Nao wana haki. Kati ya 2006 na 2008 mgogoro wa ardhi Mlima Elgon uliligeuza kabila kuwa silaha, watu wakauawa na wengine wakahama makwao, mpaka jeshi likaingia Machi 2008. Fauka ya hayo, zipo mila tulizozitupa kwa sababu njema. Ukeketaji wa wasichana ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na hakuna haja ya kuulilia. Kujua asili basi si kukumbatia kila kilichoachwa na wahenga. Ni kupepeta. Ila hakuna awezaye kupepeta ungo mtupu. Kijana aliyefunzwa atajua kipi ni nafaka na kipi ni makapi. Asiyefunzwa atatupa vyote, au ataning'inia kwenye chuki pekee, maana ndiyo aliyorithishwa.

Kwa hivyo nawageukia walimu. Kipindi cha lugha ya mama kisiazimwe. Wanafunzi watumwe kwa wazee wakaandike majina ya miti ya mlima huu, mpangilio wa marika, na jinsi ugomvi wa majirani ulivyosuluhishwa. Mwanafunzi Msabaoti amhoji mzee wa Kibukusu, naye Mbukusu afanye vivyo hivyo, kwani ugenini hao wawili wataitana ndugu, na kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kisidharauliwe. Wapo Wakenya waliofika vyuo vikuu vya Marekani kwa ufadhili wa Fulbright kwa sababu ya kuweza kukifundisha.

Kwa wanafunzi wanaofunga mizigo, neno langu ni fupi. Kabla ya kuondoka, keti na nyanya yako umwulize maana ya jina lako na la babu yako. Ukifika huko, upigapo simu nyumbani, sema kwa lugha yao, hata kama utakwamakwama.

Na kwa sisi tunaobaki, tukumbuke kwamba wosia wa chini ya hema huchukua dakika chache tu, ilhali kijana huyo alikaa nasi miaka kumi na minane kabla ya siku hiyo. Yaliyostahili kusemwa katika miaka hiyo hayawezi kufidiwa kwa mchango wa fedha, hata ukiwa mkubwa vipi.