Fundi, Uliza Kwanza Kabla ya Kufomati

Jamani, leo acha niseme, hata kama nitakosana na mafundi wote wa mjini. Siku hizi laptopu yoyote ikikataa kuwaka, dawa ni moja tu: kufomati. Skrini nyeusi? Fomati. Windows inazunguka tu bila kufika? Fomati. Nadhani hata chaja ikikatika waya kuna mtu atafomati.

Juzi binamu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alinipigia simu akilia. "Kaka, laptopu iliandika haioni diski. Fundi ameitengeneza, sasa inawaka vizuri, lakini mradi wangu siuoni." Fundi alikuwa amechukua shilingi 1,500 na kuweka Windows mpya juu ya kila kitu. Miezi saba ya kazi imekwenda.

Nikamuuliza kama kulikuwa na kitu kimechomekwa. Kimya. Kisha akasema, "Flashi yangu." Ile ni mashine ya mtumba, na BIOS yake imepangwa ianze kutafuta mfumo kwenye USB kabla ya diski. Ilikuta flashi isiyo na mfumo, ikakwama hapo. Fundi aliichomoa ile flashi ili achomeke yake ya kufomati! Ugonjwa aliutoa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamuua mgonjwa.

Hebu tuelewane. Laptopu inawaka kwa hatua. Kwanza umeme ufike. Pili BIOS, au UEFI kwa mashine za kisasa, ikague RAM na vifaa vingine. Tatu itafute diski ya kuanzia. Nne ndipo Windows ianze kupakiwa. Kufomati kunatibu hatua ya nne peke yake.

Hakuna taa wala feni? Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribu tena, ikibidi kwa chaja nyingine. Taa zipo lakini skrini nyeusi? Unganisha skrini ya nje. Inalia pi-pi-pi? Izime, toa RAM, irudishe ikae vizuri. Haioni diski? Chomoa vyote vya USB, kisha angalia mpangilio wa BIOS. Mpaka hapo hujagusa faili hata moja ya mwenyewe.

Na atakayesema Windows ikigoma hakuna njia nyingine, nimkumbushe tarehe 19 Julai 2024. Sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike lilizuia kompyuta za Windows kuwaka dunia nzima; Microsoft ilikadiria zilikuwa milioni 8.5. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikatatizika. Dawa ya nyingi ilikuwa nini? Kuziwasha katika hali salama na kufuta faili moja. Moja tu! Fundi wetu angeachiwa kazi ile, angefomati viwanja vya ndege.

Najua mtanijibu kwamba mteja anataka haraka na bei rahisi. Sawa. Basi washa mashine kwa flashi ya Linux, nakili hati zake kwenye diski ya nje, umtoze kazi hiyo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, mwambie alete ufunguo wake wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Akikosa, aamue mwenyewe. Faili si zako.

Nasi wenye digrii tusijifanye malaika. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne bila kufungua laptopu hata moja. Niliyofundishwa kuifungua ni fundi wa mtaani, naye aliuliza maswali kumi kabla ya kushika bisibisi. Na wewe mwenye laptopu, nakala ya kazi yako iko wapi? Kama iko kwenye laptopu hiyo hiyo, huna nakala.

Nilikesha siku mbili na PhotoRec, nikaokoa sura mbili kati ya tano. Binamu anaandika tatu upya sasa hivi, na tarehe ya kuwasilisha haijasogezwa.

Swali lenyewe ni fupi, fundi: "Kuna kitu humu unachokihitaji?" Halichukui hata sekunde tano.