Khofu ya Mtoto Kurudi Skuli: Wajibu wa Mzazi Kabla ya Begi Kufungwa

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Msimu wa kufungua skuli umekuwa msimu wa safari kwa familia nyingi za visiwani. Mtoto wa Mafia anayechaguliwa kuingia kidato cha tano hupangiwa skuli na Serikali kupitia TAMISEMI, na huenda ikawa katika mkoa ambao hajawahi kuuona. Wapo pia wazazi wa Unguja na Pemba wanaowapeleka watoto wao Bara kwa hiari. Morogoro ni miongoni mwa miji inayopokea wanafunzi wengi wa bweni: Kilakala ya wasichana ipo chini ya milima ya Uluguru, na Mzumbe ya wavulana haipo mbali na mji.

Usafiri umekuwa mwepesi. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mtoto anayepanda boti asubuhi anaweza kufika kabla ya Magharibi. Lakini wepesi wa usafiri haumwondolei mtoto khofu. Anafika mahali penye baridi ya Julai aliyokuwa hajaizoea, chakula ni ugali na maharage, bahari haipo, na lafdhi yake ya kisiwani huenda ikachekwa na wenzake.

Siku chache kabla ya kuondoka, mmoja atalalamika tumbo, mwengine atakosa usingizi, mwengine atanyamaza tu. Wengi wetu tunajibu haraka: "Acha udeke," au "Mche Mungu, huna imani." Jibu hili si sahihi.

Nabii Musa ('alayhis salaam) alipotumwa kwa Firauni alisema wazi mbele ya Mola wake kwamba anaogopa, kifua chake kinabana na ulimi wake ni mzito. Hakukaripiwa kwa hilo. Katika Surat Taha tunaona aliomba akunjuliwe kifua, akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake, akapewa. Kisha wote wawili wakahakikishiwa kwamba Allah yupo pamoja nao, anasikia na anaona. Basi khofu haipingani na imani. Iliyotangulia ni dua, na pamoja na dua akapewa mtu wa kufuatana naye.

Tuangalie pia hadithi ya Malik bin al-Huwayrith (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Yeye na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (S.A.W.) siku ishirini wakijifunza dini. Mtume akahisi kuwa wamewatamani watu wao. Akawauliza wamewaacha nani nyumbani, kisha akawaamuru warejee kwa jamaa zao, na waswali kama walivyomuona akiswali. Vijana wale walikuwa mbele ya mwalimu bora kuliko wote, na bado walitamani kwao. Na yeye ndiye aliyeanza kuuliza.

Kwa hivyo, wajibu wa kwanza wa mzazi ni kuuliza: unaogopa nini hasa? Mara nyingi jibu ni jambo dogo lenye ufumbuzi. Anaogopa hajui ataswali wapi? Piga simu skuli kabla ya safari, na uulizie jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. TAMSYA ina matawi katika skuli nyingi. Anaogopa atakuwa peke yake? Mtafutie Harun wake: mwanafunzi wa kisiwani aliyetangulia, au jamaa anayesoma Chuo Kikuu cha Waislamu kilichopo Morogoro. Haelewi Swala ya safari? Mfundishe kwamba njiani anaweza kupunguza na kukusanya, na akishafika kukaa muhula mzima anaswali kamili, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi.

Wajibu wa pili ni ukweli. Wapo wanaomtoroka mtoto mdogo mlangoni mwa darasa, na wanaomuahidi wa bweni "nitakuja Ijumaa" nao hawana nia. Mama mmoja alimwita mwanawe kwa kumuahidi kitu, Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Aliposema tende, akamwambia lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. Mwambie mtoto tarehe unayoweza kuitimiza, hata kama ni ya mbali.

Wajibu wa tatu ni kutochelewa kutafuta msaada. Mtoto akiendelea kwa wiki kadhaa kutokula, kutolala au kukataa kabisa skuli, tusikimbilie kusema ana jini. Kumsomea Qur'ani ni kheri, lakini kusimzuie kupelekwa kwa daktari na kuzungumza na mwalimu wake wa malezi. Yumkini kuna anayemuonea na anaona haya kusema.

Tunawapeleka watoto mbali kutafuta elimu, na hilo ni jambo tukufu. Lakini mtoto ni amana hata anapokuwa bwenini. Kabla ya kulifunga begi lake, kaa naye usiku mmoja umsikilize bila ya kumkatiza.

Wallahu a'lam.