Je, Askari wa Wanyama Ahesabiwe Kuwa Polisi?

Katika mabaraza ya skimu zilizopakana na misitu na mbuga, swali moja halikosi kuulizwa: huyu askari wa wanyama, mwenye sare, bunduki na pingu, ni polisi au si polisi? Akija shambani kwangu nimpokee kama nani? Wengine hucheka likiulizwa, lakini si swali la kuchekwa. Mkulima asiyejua jibu lake anaweza kupoteza mavuno yake, na wakati mwingine hata maisha yake.

Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Shamba langu liko upande wa Nyandarua, chini ya msitu. Seng'enge ya umeme ya kuzunguka milima yetu, karibu kilomita 400, ilimalizika mwaka 2009. Kabla haijafika kwetu, ndovu watatu walishuka usiku wakaingia katika mahindi ya jirani yangu. Asubuhi nilidhani atakwenda mbio kuwaita askari. Hakwenda. Usiku wa pili ndovu walirudi, wakamaliza mahindi yake, wakaingia katika kabeji zangu. Nilipomuuliza kwa nini alikaa kimya, alinijibu, "Mzee mwenzangu, hao wakija kutazama nyayo za ndovu watatazama na sufuria yangu." Kumbe kijana wake alikuwa ametega waya akanasa paa. Basi kwa ajili ya kitoweo cha siku moja mashamba mawili yaliliwa, na ni bahati tu iliyotuokoa sisi tuliokuwa tukifukuza ndovu gizani kwa mienge na debe.

Tazameni jambo hilo vizuri. Jirani yangu alimwogopa askari kuliko alivyomwogopa ndovu. Hapo ndipo penye shauri letu.

Kwanza tujue sheria. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Huduma ya Taifa ya Polisi ina sehemu mbili, Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala. Askari wa wanyama hayumo. Yeye ni mtumishi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, lililoanza kazi mwaka 1990. Lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilimpa madaraka makubwa: kupekua, kuzuia vitu vya uhalifu, na kumkamata mtu anayeshukiwa kuivunja sheria hiyo. Madaraka hayo yana mpaka wake, nao ni mambo ya wanyamapori. Hakutumwa kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, wala deni la sokoni, wala wizi wa kuku. Mlinzi wa msitu naye si yule yule. Ana shirika lake, na sheria yake ni ya mwaka 2016.

Mbona basi anabeba bunduki kama mtu wa vitani? Sababu iko. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa kama 167,000. Kufika mwaka 1989 walibaki kama 16,000 tu. Majangili walikuja na bunduki kali, wakaua ndovu na vifaru, wakaua na askari. Serikali iliona kwamba silaha za zamani hazitoshi, ikaunda KWS na kuwapa askari wake mafunzo na silaha za kutosha. Kazi yao ilizaa matunda, kwani hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Wako waliokufa katika kazi hiyo, na si haki kuwadharau.

Kwa hiyo wako wanaosema, "Mfanyeni polisi kamili, neno liishe." Hoja yao ina uzito. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika sehemu nyingi kituo cha polisi ki mbali, lakini askari wa wanyama yu karibu, ana gari na redio. Mkulima aliyeibiwa ng'ombe usiku amkimbilie nani? Tena baadhi ya walinzi wa hifadhi za jamii na za watu binafsi upande wa kaskazini wamepewa silaha wakiwa polisi wa akiba, nao husaidia kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa.

Hata hivyo mimi nasema hapana. Polisi kazi yake ni kumtafuta mkosaji. Askari wa wanyama anamtafuta mkosaji, lakini pia anamtafuta mnyama, na mnyama aliyetoka msituni hawezi kumpata upesi bila mkulima. Ni mkulima anayeona nyayo kwanza. Ni mkulima anayesikia matawi yakivunjika usiku wa manane. Akiwa anamwona askari huyu kuwa polisi tu, atafunga mlango na kuzima taa, kama alivyofanya jirani yangu.

Na hasara ya kufunga mlango ni kubwa. Sheria ile ya mwaka 2013 iliweka fidia: shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo iliyoharibiwa pia iliwekewa njia ya kudaiwa. Lakini madai hayo hupelekwa mbele ya kamati ya kaunti, na kamati haiwezi kuamua juu ya hasara ambayo hakuna aliyeitazama na kuiandika. Kweli, wengi walioandika wamengojea malipo muda mrefu mno, na hilo ni lalamiko la haki. Lakini asiyeandika hana hata cha kungojea.

Basi nasema askari wa wanyama asiwe polisi, lakini ajibu kwa matendo yake kama polisi. Mambo matatu yanatakiwa.

La kwanza, mwenye madaraka ya kukamata lazima awe na mtu wa kumwuliza. Kwa polisi, sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka huru, IPOA, ya kupokea malalamiko ya raia. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya polisi. Ni vema iandikwe waziwazi kwamba raia aliyepigwa au kuonewa na askari wa wanyama ana mlango kama huo, nje ya shirika la askari mwenyewe. Na askari avae jina au nambari yake mahali panapoonekana.

La pili, kila mkulima ajue haki yake. Katiba inasema aliyekamatwa, awe amekamatwa na nani, aambiwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeishia siku ambayo korti imefungwa. Msitu si korti, wala kambi ya askari si korti.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, anayekuja kutazama mazao yaliyoliwa asiwe yule yule anayekuja kupekua nyumba. Katika mbuga za taifa za Marekani wako askari wenye bunduki na madaraka ya kukamata, na wako wengine ambao kazi yao ni kuwaeleza wageni habari za mbuga. KWS pia ina maofisa wa kushughulikia jamii zinazoishi na wanyama. Hao waongezwe, wafike skimu zote za mpakani, na wajulikane kwa majina kama tunavyomjua Bwana Shamba.

Sasa wakulima wenzangu, tusiseme makosa ya askari tu. Waya wa mtego hauchagui. Leo umenasa paa, kesho utanasa mbwa wako au ndama wa jirani, au utaukata mguu wa ndovu, na ndovu mwenye kidonda ni hatari kwa watoto wanaokwenda shule. Waambieni vijana wenu waziondoe nyaya hizo. Mtu asiye na kitu jikoni cha kuficha huita msaada bila hofu. Wekeni nyumbani nambari ya simu ya kituo cha askari wa wanyama kilicho karibu. Mnyama akiharibu, pigeni ripoti siku ile ile, wala msilime palipoharibiwa kabla hapajatazamwa.

Jirani yangu yule mahindi yake hayakuandikwa popote, wala kabeji zangu, kwa kuwa nami niliona haya kumfichua. Ningetaka mkulima wa leo, ndovu wakiingia kwake usiku, aweze kumwita askari mara moja, na askari akija ajue kwamba ameitwa kutazama ndovu.