Muuzaji wa Duka Akivunja Ahadi

Familia nyingi nchini Uganda hutumia akiba ya miaka mingi kununua duka dogo, saluni au mashine ya kusaga ambayo tayari ina wateja. Mnunuzi halipii rafu na bidhaa peke yake. Hulipia pia mahali, jina zuri na ahadi za muuzaji. Ahadi hizo zikivunjwa, karo ya watoto na chakula cha nyumbani vimo hatarini.

Uchukuliwe mfano wa mama wa Jinja aliyenunua duka la rejareja kwa shilingi milioni 8. Mkataba ulisema kwamba bidhaa zote zilizoorodheshwa zimo dukani, kwamba hakuna deni la umeme, na kwamba muuzaji hatafungua duka jingine mtaani humo kwa muda wa mwaka mmoja. Zilipohesabiwa, bidhaa zilipungua kwa shilingi 1,500,000. Deni la umeme lilikuwa shilingi 600,000. Kabla ya miezi miwili kwisha, muuzaji alikuwa akiuza sukari ng'ambo ya barabara. Mama huyo afanyeje?

Wengi hukimbilia polisi. Lakini kuvunja mkataba peke yake si jinai; ni shauri la madai. Polisi huhusika pale muuzaji alipojipatia fedha kwa hila, kama vile kuuza duka lisilo lake.

Silaha ya kwanza ni maandishi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba mkataba wa kitu chenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Mkataba, stakabadhi, orodha ya bidhaa na hati ya deni la umeme vihifadhiwe pamoja, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya hapo, mnunuzi hana budi kuchagua. Anaweza kubaki na duka na kudai fidia ya hasara iliyotokana na kosa hilo. Kwa mama huyu, bidhaa pungufu na deni la umeme ni shilingi 2,100,000. Hasara ya mbali isiyohusiana na kosa hailipwi, na mwenye kudai anatazamiwa kujitahidi kuipunguza hasara yake.

Ikiwa alidanganywa ndipo akakubali kununua, anaweza kuutangua mkataba: arudishe duka na kudai fedha zake. Hawezi kurudishiwa fedha zote na huku duka amebaki nalo. Tena akiendelea kuuza kwa miezi mingi huku akiujua udanganyifu, yaweza kuhesabiwa kwamba ameukubali mkataba.

Kuhusu duka la ng'ambo ya barabara, mahakama huweza kuombwa imzuie muuzaji. Hupima kwanza kama sharti hilo ni la haki kwa muda na kwa eneo. Mwaka mmoja katika mtaa mmoja ni rahisi kutetewa; kumkataza mtu asifanye biashara nchini maisha yake yote ni vigumu.

Kabla ya kwenda mahakamani, muuzaji apelekewe barua ya madai yenye kiasi, sababu na muda wa kujibu. Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011 ziliweka siku 14 za taarifa hiyo, na zikafungua njia ya kudai deni au thamani ya bidhaa isiyozidi shilingi milioni 10 pasipo wakili mahakamani. Ombi la kumzuia muuzaji hupelekwa katika mahakama ya kawaida, na hapo yafaa kumwona wakili. Sheria hutoa miaka 6 ya kushtaki juu ya mkataba, lakini mashahidi husahau na muuzaji huhama.

Anayekusudia kununua leo azuie sehemu ya bei mpaka bidhaa zihesabiwe mbele ya mashahidi, na amwulize mwenye nyumba kuhusu kodi kabla ya kutia sahihi. Fedha iliyo bado mkononi mwa mnunuzi haihitaji kudaiwa mahakamani.